Ngozi ya Jogoo wa Kijivu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi, tuelewane hapo mwanzo kabisa. Nilitoka shule bila cheti, nikaanza kusafisha ofisi za watu nikiwa na ndoo moja na mikono miwili, na leo nina wafanyakazi arobaini na mmoja, magari manne yenye jina langu ubavuni, na funguo za majengo ambayo wakubwa wenyewe huingia kwa kuonyesha vitambulisho. Nimekuta nyoka hai ndani ya droo ya mkurugenzi. Nimekuta meno ya bandia kwenye mashine ya kahawa. Nimekuta mtu mzima na tai yake amelala chini ya meza ya mkutano, nikampigia deki kila upande bila kumwamsha, akaondoka mwenyewe. Basi Februari hii nilipanda ghorofa ya sita ya jengo moja karibu na kituo cha metro cha Schuman, hapa Ubelgiji, kukagua kazi ya vijana wangu, nikasukuma mlango wa ofisi ya mwisho, na harufu ikanipiga usoni: vanishi, ile kali inayofanana na rangi ya kucha. Juu ya meza, kando ya kompyuta, palikuwa na jiliwa dogo la kubania ndoana, manyoya mawili matatu ya kuku, na kichupa ambacho mwenyewe alisahau kukifunga. Nikakaa kwenye kiti cha mtu nisiyemjua, mimi na suti yangu, jasho likinitoka kwapani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mwenye ofisi alikuwa mvuvi tu, mmoja wa hawa wanaofunga nzi wa bandia wa kuvulia samaki wakati wa mapumziko ya mchana. Lakini mimi sikuwa tena Schuman. Nilikuwa Forest, kitongoji cha jiji hilihili nilikokulia, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliogopa.

Tulikaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, katika mtaa ambao upepo ukikaa vizuri tulisikia kengele ya kiwanda cha magari ikibadilisha zamu. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Grâce aliyekuwa na miaka miwili. Tulitoka Bukavu mwaka uliotangulia. Papa alibaki nyuma kufunga mambo, na hayo mambo yakamfunga yeye. Hilo ni simulizi lingine na sitalisimulia. Asubuhi mama alisafisha ngazi za majengo ya watu, mchana alisuka wanawake jikoni kwetu, kwa hiyo nyumba yetu ilinuka mafuta ya nywele, wali, na kitu cha tatu ambacho hatukukijua jina, harufu ya gunia lililolala mvuani, iliyotoka chumbani nyuma ya kabati. Grâce alilala upande huo wa kabati. Tangu baridi ilipoanza alikuwa anakohoa, kikohozi chenye filimbi ndani yake, na mama akawa haongei sana. Jumamosi walikuja wanawake wa kikundi cha maombi, wakiongozwa na Maman Espérance wa ghorofa ya pili, mwanamke mkubwa mwenye sauti nzuri ya kuimba, ambaye ndiye aliyetugawia mablanketi siku tulipofika. Sikuwahi kumwona akimnyima mtu chochote. Nasema hivyo ili msije mkamchukia baadaye.

Jumatano mchana shule za huku hazifundishi. Mama aliniandikisha darasa la kuchora katika jumba la jamii la mtaa, ili nisizurure. Nilikwenda siku moja. Watoto walicheka Kifaransa changu, mwalimu akaniambia nichore nyumba yangu, nikachora ya Bukavu, wakauliza mbona haina theluji. Jumatano ya pili nilipita mlango wa kuchora bila kugeuza shingo, nikafungua mlango uliofuata. Ndani palikuwa na meza ndefu, taa tano zenye shingo ya kupinda, na wazee watano wameinama kama madaktari juu ya mgonjwa mdogo sana. Kila mmoja alikuwa na jiliwa lake, na ndani ya jiliwa ndoana isiyozidi punje ya mchele. Walikuwa wavuvi wa samaki wa mtoni anayeitwa trauti. Baridi yote mto unafungwa kwa sheria mpaka Machi, kwa hiyo wao hukaa ndani wakitengeneza nzi wa bandia: wanaivisha ndoana manyoya ya jogoo na nywele za sikio la sungura mpaka samaki aone mdudu juu ya maji. Hakuna aliyeniuliza ninatafuta nini. Mmoja, mrefu, masikio makubwa, alisogeza kiti kwa mguu bila kuinua macho. Huyo alikuwa Roger, mstaafu wa kiwanda cha magari, miaka thelathini katika chumba cha kupaka rangi. Nilimwita Papa Roger kwa sababu kwetu mtu wa umri ule huwezi kumtaja jina tupu, na meza nzima ilicheka. Willy, aliyekuwa tarishi wa posta na hakuwa na simile, alimwambia, "Roger, mkeo anajua una huyu?" Roger akajibu kwamba mkewe hajui hata kama yeye mwenyewe yupo. Kuanzia siku ile nikawa wa kwake. Walisema Kifaransa, na Willy akikasirika Kiflamandi. Nawaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo walivyobaki kichwani mwangu.

Sitaki kujisifu, lakini nilijua kazi ile upesi kuliko mtu mzima yeyote waliyewahi kumfundisha. Roger mwenyewe alisema. Alinijaribu siku ya pili. Alitandaza mbele yangu ngozi ya shingo ya jogoo, manyoya yake yote bado juu yake, ya kijivu cha moshi, yanang'aa kama maji ya asubuhi, akaniambia nichague unyoya. Kila anayeanza huvuta ule mkubwa wa chini. Mimi nikavuta mdogo kabisa wa juu, karibu na kichwa, na Roger akawageukia wenzake kwa macho tu. Sikuwaambia kwamba niliogopa kuharibu mkubwa. Alinieleza kwamba kijivu kile hakiuzwi dukani: yeye mwenyewe alifuga majogoo nyuma ya nyumba ya dada yake, akachanganya uzao huu na ule kwa miaka tisa, mpaka akatoka jogoo mmoja wa rangi hiyo. Mmoja. Aliishi miaka minne, akafa, na ngozi ile ndiyo iliyobaki duniani.

Alinifundisha kubana ndoana, kulainisha uzi kwa nta, kulowesha unyoya kwa mate ili usitanuke, na zaidi ya yote kuhesabu. Mizunguko mitano ya uzi nyuma, mitatu mbele ya unyoya, minne ya kufungia kichwa, kisha tone la vanishi. Ukikosea mmoja, nzi anapinduka majini na samaki anakucheka. Roger alihesabu kwa midomo bila sauti, na meza yote ilikuwa hivyo, wazee watano midomo ikitembea kama wanaosali rozari, nami nikaiga. Na palikuwa na kanuni moja tu katika chumba kile, ambayo hata watoto wa kuchora waliijua: anayeharibu kitu cha mwenzake hununulia meza nzima kinywaji. Nilimwona Willy akimwaga vanishi juu ya manyoya ya tausi ya mwenzake. Alinuna, akatukana kwa Kiflamandi, akalipa. Nilimuuliza Roger, je, mtu akiwa hana pesa? Aliniangalia juu ya miwani na hakutabasamu. "Atalipa," alisema. "Hata akiwa na mvi, atalipa."

Mwezi wa Januari alinipa kazi ya kufanyia nyumbani. Nzi kumi na wawili wanaofanana kama vifungo vya shati moja. Nikiwamaliza kabla ya mto kufunguliwa, nina kiti ndani ya gari la kwenda Ardenne, milimani, kwenye mto wenyewe. Akaweka katika sanduku la biskuti jiliwa lake la zamani, ndoana, uzi, nta, kipande cha sikio la sungura, na akasita kidogo, halafu akaweka ile ngozi ya kijivu. Nilirudi nyumbani nimelikumbatia sanduku chini ya koti, na njiani nikasimama kwenye ukuta wa kituo cha tramu, nikachora nyumba na jua kwenye karatasi katika dakika tano, kwa sababu kila Jumatano mama alitaka kuona mchoro. Alikuwa ameibandika yote jikoni. Nyumba nane, jua nane.

Sasa lazima nieleze woga wenyewe, la sivyo mtaona nilikuwa mtoto mjinga. Wiki ileile, wanawake wakiwa jikoni na mimi chumbani na sikio kwenye mlango, Maman Espérance alisimulia habari ya familia moja tuliyoijua kwa sura. Mtoto wao mchanga aliugua na kuugua, mpaka wakagundua kwamba kaka yake ni ndoki. Ndivyo tunavyosema sisi Wakongomani, kwa neno tuliloazima kwenye Kilingala, mtoto anayeroga watu wa nyumbani mwake. Chini ya godoro lake walikuta nywele na uzi. Walimwombea siku tatu bila chakula, kisha wakamkatia tikiti ya kwenda tu, akarudishwa kwa mjomba wake kule tulikotoka wote tukikimbia. Nilimjua mvulana huyo. Tulikaa benchi moja shule ya Jumapili, na ni kweli, tangu Krismasi benchi lilikuwa na nafasi. Sauti ya Maman Espérance ilikuwa ya huruma, siyo ya hasira, na hiyo ndiyo iliyoniganda mgongoni. Nilitazama chini ya kitanda changu. Manyoya, nywele za mnyama, uzi, nta, vyuma vyenye ncha. Upande wa pili wa chumba, filimbi ndani ya kifua cha Grâce.

Ningerudisha sanduku Jumatano, mtu atasema. Leo ndiyo, leo mimi ni mtu wa kuamua mambo ndani ya lifti. Lakini nilikuwa nimekwisha kufunga nzi saba. Nilifunga asubuhi kabla ya shule, mama akiwa kwenye ngazi za watu na Grâce akiwa kwa jirani, dirisha wazi ili harufu itoke, na vanishi ilikuwa rangi ya kucha ya mama niliyoiba kidogo kidogo kwa kijiti. Kila nikimaliza mmoja nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha nikasikia hatua kwenye korido, nikalisukuma sanduku chini ya kitanda. Nilianza kuota nimesimama kwenye uwanja wa ndege na kibegi cha shule. Mbaya zaidi, nilianza kujiuliza mwenyewe. Kwa nini Grâce alikohoa zaidi siku nilizofunga nzi? Huenda mtu anaweza kuwa ndoki na asijue. Nilihesabu siku kwenye kalenda kwa kidole, siku za nzi na siku za kikohozi, na zikawa karibu sawa, kwa sababu alikohoa kila siku.

Mama alilikuta sanduku Jumamosi asubuhi, akitafuta kiatu cha Grâce. Nilikuwa mlangoni. Alifungua kifuniko na akabaki amechuchumaa, mgongo kwangu, muda mrefu sana. Hakupiga kelele. Alisema polepole, bila kugeuka, "Dédé, njo kitu gani hii uko unaficha kwangu?" Akachukua ile ngozi kwa ncha za vidole viwili, kwa mkono wa mbali, akaipeleka jikoni, akaiweka ndani ya sinki, akamimina javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, chupa nzima, huku akiomba kwa sauti. Nilisimama nikatazama. Kijivu kile cha miaka tisa kiligeuka njano, kikaanza kulegea, kikayeyuka kama sukari kwenye chai, mpaka ikabaki ngozi tupu yenye vijishina. Kisha alishuka ghorofa ya pili kumwita Maman Espérance.

Walikuja watatu baada ya chakula cha mchana. Mwanga wa Februari ulikuwa mweupe, Grâce alikuwa mgongoni kwa mama akipiga filimbi yake, na michoro yangu ya jua ilikuwa ukutani nyuma ya vichwa vyao. Maman Espérance alinishika mkono, wake ulikuwa wa joto, akaniambia nisiogope, niseme tu ni nani alinipa na usiku ananipeleka wapi. Nikasema ni vya kuvulia samaki. Wanawake wawili wakatazamana. "Kuvua?" Maman Espérance aliuliza kwa upole. "Na manyoya ya kuku? Samaki ya Ubelgiji inakulaka kuku?" Mmoja wao alitaka kucheka akajizuia, na kule kujizuia kwake kulinitisha kuliko kitu chochote, kwa sababu niliona kwamba jambo lenyewe lilikuwa zito kiasi hicho. Nikasema naweza kuwaonyesha. Ndani ya daftari langu nilikuwa nimehifadhi manyoya manne ya kijivu niliyokuwa nimeyachagua kwa ajili ya nzi wa nane, wa tisa, wa kumi na wa kumi na mmoja. Hayo javeli haikuyapata. Mama aliniangalia. "Bon," alisema. "Fanya, nione."

Nikafunga jiliwa kwenye meza ya jikoni, palepale mama aliposukia watu. Ndoana ikaanguka mara mbili. Nilifanya kama nilivyofundishwa, sikujua namna nyingine. Nikapaka uzi nta. Nikatia unyoya mdomoni, nikaulowesha kwa mate. Nikanyofoa nywele za sikio la sungura, nikazisokota kati ya vidole. Na nikaanza kuhesabu, midomo ikitembea bila sauti. Nilisikia kiti kikirudi nyuma. "Angaliya midomo yake, Maman Dédé," sauti ya Maman Espérance ilikuwa imeshuka kabisa. "Iko anaita nani?" Nikasema ninahesabu, maman, ninahesabu tu, na nikaendelea kwa sauti, trois, quatre, cinq, lakini sauti yangu mwenyewe ilitoka kama ya mtu mwingine, nyembamba, na namba zikapotea, nikazirudia, na kadiri nilivyozirudia ndivyo walivyosogea mbali. Walianza kusemezana juu ya kichwa changu. Nisilale chumba kimoja na mtoto. Nisile mpaka Jumatatu. Kesho nipelekwe mbele ya mchungaji. Na mmoja akamuuliza mama, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeuliza bei ya nyanya, kama tunaye bado ndugu kule Bukavu.

Mama alikuwa amesogea mezani. Alikuwa ameinama. Nilihisi pumzi yake na pumzi ya Grâce shavuni kwangu, akatazama vidole vyangu, na vidole vyangu vilikuwa vinajaribu kufunga kichwa cha nzi, ile mizunguko minne ya mwisho, na uzi ulikuwa unateleza, unafunguka, unateleza tena. Mama amesuka vichwa tangu akiwa na miaka tisa. Ameshonea watu nywele za bandia kwa uzi na sindano, mistari mia, na hakuna hata mmoja uliowahi kumwangukia mtu barabarani. Alivumilia mara ya kwanza uzi ulipofunguka. Akavumilia ya pili. Ya tatu akashindwa. "Wacha," alisema. "Uko unafunga mubaya." Akaniondoa mikono kama anayeondoa sahani, akaushika uzi, akaupitisha chini ya mizunguko yake mwenyewe badala ya juu, akavuta. Fundo likalala. Alilipapasa kwa ukucha, halikutoka. Akatazama kitu kile kidogo ndani ya jiliwa, chenye mkia, na tumbo, na kola ya kijivu imesimama pande zote. Halafu akanyoosha mgongo, akamweka Grâce vizuri, akamgeukia rafiki yake. "Maman Espérance," alisema, "ndoki mwenye anafunga mubaya hivi, ataloga nani?"

Yule mwanamke aliyejizuia mwanzoni hakujizuia tena. Alicheka mpaka akashika meza. Maman Espérance alibaki na uso wake wa huruma kwa kitambo, kisha akainama akamtazama nzi, akasema kwamba hata hivyo tusali, na tukasali, na nilisali kuliko wote. Walipoondoka mama aliuliza michoro ilitoka wapi. Nikamwambia. Akanichapa kwa kandambili kwa ajili ya uongo, nyumba zilikuwa zimefika kumi na moja, mapigo kumi na moja, na sijawahi kufurahia kipigo kama kile, kwa sababu kilikuwa cha mtoto wa kawaida. Jumatatu yake filimbi ya Grâce ilizidi, mama akampeleka hospitali badala ya kumpeleka kwa mchungaji. Daktari aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: mtoto analala wapi. Tulivuta kabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kutoka chini mpaka kiunoni kwangu, una manyoya yake mwenyewe, ukungu mzima kama ngozi ya mnyama. Ule ndio uliokuwa ukimroga mdogo wangu. Leo ningeusikia ule ukungu kutoka kwenye ngazi. Nina wafanyakazi sita ambao kazi yao ni hiyo tu, na kila nyumba tunayoingia naanza kwa kuvuta kabati, na watu hudhani ni maarifa ya kozi fulani.

Lakini kwa Roger sikurudi. Ndugu msomaji, hapo ndipo majigambo yangu yanapoishia. Mama alisema niende nikaombe radhi. Nikatoka na sanduku, nikaliacha mlangoni mwa jumba la jamii ndani ya mfuko wa plastiki, na jiliwa, na nzi wanane, nikakimbia. Ngozi haikuwemo. Nilipiga hesabu ya vinywaji vya meza nzima na sikuwa na hata cha mmoja, lakini si hicho nilichokiogopa zaidi. Niliogopa uso wake atakapofungua kifuniko na kutafuta chini ya karatasi. Mto ulifunguliwa Machi, gari likaenda Ardenne na kiti kimoja kitupu, au labda Willy aliweka mguu wake hapo. Kwa miaka nikawa navuka barabara kabla ya kufika jumba lile, hata nilipokuwa mtu mzima, hata nilipopewa zabuni ya kulisafisha. Nilituma vijana. Nikabaki kwenye gari.

Sasa, baada ya ile harufu ya Schuman, nilimpigia mama simu. Bado anakaa Forest, magoti yanamsumbua, ana maoni juu ya kila kitu. Akaniambia kwamba mimi ni mtu mzima mwenye gari nne na ninaogopa kuku aliyekufa. Basi Jumatano nikaenda. Kiwanda cha magari kimefungwa mwaka jana, kengele haisikiki tena, na mtaa una ukimya wa mtu aliyestaafu kabla hajajiandaa. Mlango wa kuchora siku hizi ni chumba cha kompyuta. Nilisukuma uliofuata, na harufu ilikuwa ileile, vanishi, na taa za shingo ya kupinda, na midomo ikihesabu. Walikuwa watano: Willy, mnene sasa na fimbo ya kutembelea, wanaume wawili na mwanamke mmoja nisiowajua, na mwisho wa meza, masikio makubwa kuliko zamani, Roger. Ana miaka tisini. Macho yamekwisha karibu yote, anafunga kwa vidole. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama kama kwenye mkutano wa zabuni, nikajitambulisha, nikasimulia yote, javeli na yote, na nikasema nitamnunulia ngozi kumi, bora kuliko zote zilizopo Ulaya, aseme tu duka.

Roger aliuacha uzi mezani. Halafu uso wake ukafunguka. "Kijivu cha moshi," alisema. "Jogoo yule aliniuma kidole gumba, alama ninayo." Akaonyesha. Aliongea juu ya jogoo yule dakika kumi nzima, mama yake alikuwa kuku gani, alivyowika, alivyokufa Jumapili. Kisha akaelekeza uso wake upande wangu na kuuliza kwa adabu, "Na wewe, bwana, ni nani?" Hakunikumbuka. Miaka thelathini nimevuka barabara kumkwepa mtu ambaye hakunikumbuka. Nilisema hapo juu kwamba hakuna kitu cha kunishangaza. Basi kimoja kipo.

Alisogeza kiti kwa mguu. Nikavua koti la suti, nikakaa, nikabana ndoana, na ndoana ikaanguka mara mbili vilevile. Nilifunga mmoja, polepole, midomo ikitembea. Roger alimpokea kiganjani, akapitisha ukucha juu ya kichwa cha nzi, mara moja, akarudia. Aliuliza ni nani alinifundisha kufunga fundo linalopita chini, kwa maana hapa hakuna anayelifunga hivyo. Nikamwambia mama yangu. Akasema nimlete Jumatano ijayo. Nikatoa pochi yangu, nikarudia habari ya ngozi kumi, na Willy akagonga sakafu kwa fimbo. "Weka hiyo," alisema. "Huyu ana mvi?" Yule mwanamke akanikagua pembeni ya kichwa, akasema ndiyo, kadhaa. "Basi kanuni ni kanuni," akasema Willy, akanionyesha dirisha la kantini mwisho wa korido. Bia nne, kahawa moja yangu, na chokoleti ya moto ya Papa Roger: euro kumi na sita na senti tisini.